Mipira ya Injini ya Beetle: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Sili Sahihi Bila Kununua Mara Mbili

Gari yangu ni Volkswagen Beetle, modeli ya 1968. Injini iliyomo ndani yake ni ya miaka ya sabini. Nilipoinunua sikulijua hilo, na aliyeniuzia naye hakulijua. Nikaenda Kariakoo, nikamwambia muuza spea bila wasiwasi: "Nipe seti ya sili za Beetle ya sitini na nane," yaani mipira ya kuzuia oili isivuje. Nikapewa. Nikafunga. Jioni ile ile sakafu ilikuwa imelowa kama chini ya karai la chipsi.

Tangu hapo nimeona wenye Beetle na Kombi wengi wakianguka shimo hilo hilo. Wananunua mpira kwa mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Unavuja, wanapaka silikoni, unavuja tena, wanamlaumu fundi. Mwongozo huu ni wa injini za silinda nne za kupozwa kwa hewa, yaani 1200, 1300, 1500 na 1600, zilizofungwa kwenye Beetle, Karmann Ghia na Kombi kuanzia miaka ya sitini. Mwenye Fiat 500 ya zamani au Citroën 2CV atafaidika na sehemu ya malighafi na ya mipira ya hewa, ila vipimo vyake ni vingine kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaenda dukani

- Vernia ya kupimia. Ya bei rahisi inatosha.
- Biti mbili za drili, moja ya milimita 8 na nyingine ya milimita 10. Hutatoboa kitu, utatumia mashina yake kupima matundu.
- Taa ya mkononi yenye mwanga mkali, kipande kikubwa cha boksi, na poda ya watoto.
- Maji ya sabuni, brashi ya waya laini, mafuta ya taa ya kusafishia na matambara makavu.
- Bisibisi butu iliyoviringishwa solotepu kwenye ncha, na kipande cha mbao bapa.
- Jeki na stendi zake. Injini hii ina zaidi ya kilo 100. Usilale chini yake ikiwa imebebwa na jeki peke yake.
- Kama utagusa flaiwili (gurudumu zito la chuma kati ya injini na giaboksi): soketi ya milimita 36, bomba refu la kuongeza nguvu, kizuizi cha flaiwili, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), na saa ya kupimia mchezo wa krankishafti, yaani jinsi shafti kuu ya injini inavyosogea mbele na nyuma.
- Daftari na kalamu.

Tyubu ya silikoni haimo kwenye orodha. Iache dukani, sababu utaiona mbele.

Kabla ya kazi yoyote chomoa betri (iko chini ya kiti cha nyuma) na ubane paipu ya petroli. Paipu hiyo ikiwa imekakamaa au ina nyufa, ibadilishe kwanza, sili zitasubiri. Beetle nyingi zilizoteketea ziliungua kwa sababu ya kipande kifupi cha mpira uliochoka.

## Jambo moja la kulielewa kwanza

Mipira ya injini hii ni makundi mawili, na kila kundi lina bwana wake.

Mipira ya oili inafuata injini. Hapa kuna sili ya flaiwili, sili za kipoza oili, sili za mirija ya pushirodi (fito zinazosukuma valvu), na oringi (pete ya mpira) ya distributa. Haijali gari ni ya mwaka gani. Inajali kesi ya injini (ganda lake la chuma), kipoza na flaiwili vilivyopo.

Mipira ya hewa inafuata bodi. Kuna ule mpira mrefu unaozunguka ukingo wa chumba cha injini, kati ya bodi na mabati ya injini, pamoja na wenzake wadogo. Huu haujali ni injini gani. Unajali umbo la shimo la bodi.

Kundi la pili ndilo linalodharauliwa, kwa kuwa halivuji. Mpira ukikosekana huoni tone. Lakini feni inavuta hewa ya baridi kutoka juu, inaisukuma kwenye silinda, na hewa hiyo inatokea chini ikiwa ya moto. Mpira wa ukingo ndio unaozuia ule moto usipande tena. Ukiutoa, injini inakuwa kama mtu aliyejifunika shuka gubigubi mwezi wa Februari Dar es Salaam: anavuta pumzi yake mwenyewe. Na injini ikichemka, sili za oili ulizozinunua kwa bei kubwa zinakauka mapema. Kwa hiyo makundi haya mawili yanabebana.

## Hatua ya 1: Jua bodi ni ipi na injini ni ipi

Inua kiti cha nyuma. Namba ya chesisi imegongwa kwenye mgongo wa chuma unaopita katikati ya gari. Kuanzia modeli ya 1965, tarakimu ya tatu inakuambia mwaka wa modeli. Yangu inaanza na 118, yaani 1968. Kuanzia modeli ya 1970, baada ya tarakimu ya mwaka inafuata 2, hivyo 111 2 ni gari ya modeli ya 1971.

Angalizo: mwaka wa modeli ulianza Agosti. Gari iliyotoka kiwandani Septemba 1967 ni modeli ya 1968. Kadi ya gari inaweza kukuandikia mwaka wa kusajiliwa tu, na hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza unapozaliwa.

Sasa nenda nyuma, fungua kifuniko, utafute namba ya injini. Imegongwa kwenye kesi, chini kidogo ya stendi ya jenereta. Safisha kwa brashi na mafuta ya taa. Mara nyingi imefunikwa na tope la oili la miaka. Herufi za mwanzo ndizo unazozitaka:

- D ni 1200
- F ni 1300 ya tundu moja
- H ni 1500
- B ni 1600 ya tundu moja, mara nyingi ya Kombi
- AB ni 1300 ya matundu mawili
- AD ni 1600 ya matundu mawili
- AS ni 1600 za baadaye

Matundu ninayosema ni ya kuingizia hewa na petroli kwenye kila silinda hedi. Kama bomba linalotoka kwenye kabureta lina mikono yenye viungo vya mpira na klipu kabla ya kufika kwenye hedi, hiyo ni ya matundu mawili.

Herufi hizo zinaeleza kesi tu. Hedi, kipoza na kava la feni vinaweza kuwa vya injini nyingine. Magari haya yamepita mikononi mwa mafundi kwa zaidi ya miaka hamsini, na fundi anafunga alichonacho. Injini yangu ni AD, lakini kava la feni na kipoza vilibaki vile vya zamani. Mchanganyiko huo ndio ulionitia hasara.

*Umefanikiwa ikiwa* daftarini una mistari mitatu: bodi ya mwaka gani, kesi ya herufi gani, hedi za tundu moja au mawili.

## Hatua ya 2: Tafuta kinachovuja kweli

Usinunue sili kwa kubahatisha. Osha injini yote kwa mafuta ya taa ikiwa ya baridi, ifute, iache ikauke kabisa mpaka harufu iishe. Nyunyiza poda ya watoto kwenye maungio. Endesha dakika kumi, zima, lala chini na taa. Oili inachora njia yake kwenye poda. Fuata mstari hadi juu unakoanzia. Oili inashuka na kurushwa nyuma na upepo, kwa hiyo tone la chini halikuambii chanzo.

Kati ya injini na giaboksi. Wengi husema hapo hapo: sili ya flaiwili. Inaweza kuwa hiyo. Inaweza pia kuwa oringi ndani ya flaiwili, au kizibo cha kamishafti kilicho nyuma ya flaiwili, au sili ya shafti ya giaboksi. Chovya kidole unuse. Oili ya giaboksi ina harufu ya mayai viza. Ukiipata harufu hiyo, injini haina kosa.

Upande wa kushoto wa gari, karibu na bati la mbele ya injini. Kipoza oili. Kikivuja sana, oili inamwagika juu ya silinda za kushoto na gari linatoa moshi ukisimama.

Kati ya silinda na kesi, chini. Sili za mirija ya pushirodi.

Nyuma kwenye puli. Hapa niseme wazi, maana nimeona watu wakizunguka maduka ya spea ya Gerezani siku nzima: injini ya kawaida haina sili ya mpira kwenye puli. Ina kisahani kinachorusha oili, na puli yenyewe imechongwa mfereji wa mzunguko unaoirudisha ndani. Sili za mpira za puli zipo, lakini ni za kesi iliyochongwa maalumu kwa ajili yake. Puli ikilia oili, tazama kwanza paipu ya pumzi inayotoka kwenye mdomo wa kujazia oili. Ikiziba, shinikizo ndani ya kesi linasukuma oili nje popote penye upenyo. Kama paipu ni safi na bado inatapika, huenda ni pete za pistoni, na hakuna mpira utakaokuokoa.

Kava za valvu. Hizi ni gasketi za koki, kama kizibo cha chupa ya mvinyo, si mpira. Zigundishe kwenye kava, upande wa hedi uache mkavu. Sina zaidi.

## Hatua ya 3: Chagua malighafi kabla ya kuchagua bei

Mpira si mpira tu. Ukimwuliza muuzaji "hii ni mpira gani?" akakujibu "orijino", hajakujibu.

Naitraili, mweusi wa kawaida. Unavumilia oili na petroli vizuri. Joto la juu la muda mrefu linaukausha, na hewa na jua vinaupasua. Unafaa oringi ya distributa na sehemu zisizo na moto mkali.

Silikoni, mara nyingi nyeupe, nyekundu au ya rangi ya chungwa. Inavumilia joto la nyuzi 200 hivi na oili ya injini. Petroli haiipendi. Inafaa mirija ya pushirodi na sili ya flaiwili.

Vaitoni, mara nyingi kahawia au kijani, wakati mwingine nyeusi. Inavumilia joto, oili na petroli kwa pamoja. Ni ghali, lakini kwa sehemu inayokulazimu kushusha injini nzima, huo ni uchumi.

EPDM, mweusi wa mipira ya bodi. Unavumilia jua, mvua na hewa ya pwani miaka mingi. Ukigusana na oili au petroli unavimba na kulegea. Mpira wa ukingo unafaa uwe wa aina hii, na ndiyo maana hauvalishwi kwa grisi.

Rangi inasaidia lakini si ushahidi. Mpira mweusi unaweza kuwa yoyote kati ya tatu. Kama pakiti haisemi, fanya jaribio la kaunta: pinda sili mpaka pande zake zikutane, tazama sehemu iliyovutika chini ya mwanga. Ukiona nyufa ndogo kama za udongo mkavu, imezeekea rafuni. Bonyeza kwa ukucha. Alama ikibaki baada ya kuhesabu kumi, irudishe. Mpira haujali kama haujatumika. Unazeeka ukiwa kwenye pakiti yake.

## Hatua ya 4: Sili za kipoza oili

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kipoza kinakaa juu ya kesi na kinaunganishwa na sili ndogo za mviringo, moja kwenye kila tundu la oili. Kesi za awali zina matundu ya milimita 8. Kesi za baadaye, kuanzia 1970 hivi, zina matundu ya milimita 10, na vipoza nao hivyo hivyo. Kwa hiyo kuna sili za aina tatu: za 8 kwa 8, za 10 kwa 10, na zenye ngazi, upande mmoja 8 na upande wa pili 10.

Seti nyingi za gasketi zinakuja na aina zote tatu kwenye mfuko mmoja bila maelezo. Mtu anachagua inayofanana na ya zamani. Ya zamani imebondeka na kuungua, haifanani na kitu.

Fanya hivi. Toa kava la feni, toa kipoza, safisha nyuso zote mbili. Chukua biti ya milimita 10, igeuze, jaribu shina lake kwenye tundu la kesi. Likiingia, kesi ni ya 10. Likikataa na la 8 likaingia, ni ya 8. Rudia kwenye kipoza. Andika. Usitumie nguvu, na usiache chuma au uchafu uanguke ndani.

Vipimo vikilingana, chagua sili zinazolingana. Vikitofautiana, chukua zenye ngazi, upande mpana uelekee kwenye tundu pana. Kesi yangu ilikuwa 10 na kipoza 8. Mimi nilifunga za 8 kwa 8. Zilikaa kwenye kesi kama kifuniko cha chupa kwenye mdomo wa galoni.

Sasa angalia umbo la kava la feni. Kipoza cha zamani kinasimama ndani ya kava lenyewe, na hewa inayokipita ndiyo inayofika silinda ya tatu ikiwa tayari imepata joto. Kuanzia modeli ya 1971 kipoza kilihamishiwa kwenye kibanda kinachotokeza upande wa mbele wa gari, kushoto. Kipoza cha kibanda kinakaa juu ya kiunganishi, kwa hiyo kinataka sili nne: mbili chini ya kiunganishi na mbili juu yake. Mtu akifunga mbili mpya na kuacha mbili kuukuu, atarudi wiki ijayo. Angalia pia sponji zinazoziba kati ya kipoza na mabati. Zikiwa zimeoza, hewa inapita pembeni badala ya kupita kwenye mapezi.

Nati za kipoza ni ndogo. Kaza kidogo kidogo kwa zamu ili kipoza kishuke sawa. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, sili ya upande wa pili inabaki imeinuka.

Na silikoni ya tyubu? Fundi wangu, mtu mzuri sana na mvivu kidogo, aliniambia: "Bosi, pakaa silikoni tu kuzunguka, itashika." Nikakubali. Tulipofungua tena tulikuta utepe wa silikoni kama minyoo umeshuka ndani ya tundu la oili, umeziba nusu ya njia. Ungeendelea kidogo ungefika kwenye beringi. "Fundi, hii ndiyo itashika?" nikamwuliza. Akacheka, akatafuta koleo.

*Umefanikiwa ikiwa* sili zinakaa kwenye matundu bila kucheza, zimeinuka kidogo sawasawa juu ya uso wa kesi, na kipoza kikikaa hakibembei.

## Hatua ya 5: Sili ya flaiwili

Kazi hii inataka injini ishuke. Kama umeishusha kwa sababu nyingine, badilisha sili hii hata kama haivuji.

Pima kipenyo cha kiti chake kwenye kesi na kipenyo cha shingo ya flaiwili inapopita, kisha linganisha na namba zilizogongwa usoni pa sili mpya. Injini za kizazi cha 1200 cha kabla ya 1960 zinatumia saizi nyingine, na zipo zilizosalia, kwa hiyo usiruke kipimo.

Kwenye shingo ya flaiwili pitisha ukucha. Ukikwama kwenye mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, sili mpya itavuja hata iwe ya dhahabu. Msasa laini sana unaweza kusawazisha mkwaruzo mdogo. Mfereji wa kukwamisha ukucha unataka flaiwili nyingine.

Unapoitoa flaiwili, kuna shimu (pete za kujazia nafasi) tatu nyembamba za chuma nyuma yake. Zinang'ang'ania kwenye oili na kujificha. Zihesabu, zifunge kwenye kitambaa. Ndizo zinazoamua mchezo wa krankishafti, ambao unatakiwa uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13.

Kama umebadilisha flaiwili, pima upya kabla ya kuweka sili na oringi. Funga flaiwili na shimu mbili tu, soma mchezo kwenye saa, toa 0.10. Jibu ni unene wa shimu ya tatu. Yangu ilisoma 0.44, nikatafuta shimu ya 0.34. Usiweke shimu mbili nene ukasema zinafika, zinatakiwa tatu.

Sasa sili. Safisha kiti, ondoa ukingo wowote mkali utakaoikwangua sili. Mdomo wenye springi unaelekea ndani ya injini. Ukiugeuza, oili itatoka kama bomba la DAWASA likipasuka. Weka mbao bapa juu yake, gonga taratibu kwa kuzunguka, mpaka ifike chini ya kiti chake sawa pande zote. Ikiinama upande mmoja, itoe uanze upya.

Ndani ya flaiwili kuna mfereji wa oringi. Weka mpya. Flaiwili za zamani zaidi hazina mfereji huo. Zinatumia gasketi nyembamba kati yake na krankishafti. Usiweke vyote viwili kamwe, maana flaiwili haitakaa na nati italegea.

Nati ya katikati inakazwa kwa newtoni mita 300. Hiyo si nguvu ya mkono na spana fupi. Tumia bomba na kizuizi, na mtu wa kushikilia injini.

*Umefanikiwa ikiwa* krankishafti inazunguka kwa mkono bila kukwama, mchezo umo ndani ya kipimo, na uso wa sili umelala sawa ukiutazama kwa upande.

## Hatua ya 6: Mirija ya pushirodi

Mirija ni minane, kila mmoja una sili mbili, jumla 16. Nunua za silikoni au vaitoni, zote 16 za pakiti moja. Kubadilisha mirija ya kawaida kunataka hedi itoke. Ipo mirija ya kuteleza inayoingia bila kutoa hedi. Ni msaada wa safari tu, mimi siiachi imefungwa kwenye injini moja kwa moja.

Mirija ya zamani imebonyea kwenye mikunjo yake. Kwa 1300, 1500 na 1600, ivute taratibu mpaka urefu kati ya mikunjo ya nje ufike milimita 190 hadi 191. Ukivuta kwa pupa mkunjo unapasuka. Mshono wa mrija uelekee juu, ili ukipasuka siku moja usiwe chini ya oili.

## Hatua ya 7: Mpira wa hewa

Sasa rudi kwenye mstari wa kwanza wa daftari lako: bodi. Mwambie muuzaji aina ya gari na mwaka wa modeli ya bodi. Beetle na Kombi hazibadilishani mpira huu. Kombi za modeli ya 1972 na kuendelea zina chumba cha injini kilichopanuliwa, kwa hiyo mpira wa Kombi ya 1970 haufiki. Usikubali mpira wa mita unaokatwa dukani wa kuzibia milango; hauna mfereji wa kushika bati.

Mpira sahihi una sehemu mbili ukiutazama kwa kuukata. Upande mmoja ni mzizi unaoingia kwenye mfereji wa bodi. Upande wa pili una midomo miwili, na ukingo wa bati la injini unakaa katikati yake. Kipande cha mbele ni tofauti na kile cha nyuma na pembeni, hakikisha umepata vyote.

Kazi hii ni nyepesi injini ikiwa nje. Toa mabaki ya zamani. Safisha mfereji; kwetu pwani chumvi inaula, na mara nyingi midomo yake imefungwa na kutu. Ifungue kidogo kwa koleo, paka rangi ya kuzuia kutu, subiri ikauke. Lowesha mzizi kwa maji ya sabuni, ingiza kuanzia mwisho mmoja, na uuvute mbele huku mkono wa pili unasukuma nyuma yake. Usivute tu, mpira uliovutwa unarudi baada ya siku kadhaa na kuacha pengo mwishoni. Acha ziada ya sentimita moja kila upande kabla ya kukata.

Injini inapopanda, mtu mmoja anapandisha jeki na mwingine anazunguka na bisibisi butu akifungua midomo ili bati liingie katikati. Mdomo mmoja juu, mmoja chini. Pembe ndizo zinazodanganya, zikague mara mbili.

Usisahau wadogo:

Pete nne za mpira kwenye vifuniko vya plagi. Kila plagi inapita kwenye tundu la bati, na pete ikikosekana hewa ya feni inatoka bure hapo, karibu kabisa na hedi. Ni vitu vya bei ya soda, na nusu ya Beetle ninazozifungua hazina.

Paipu mbili za hita zinazotoka kwenye kava la feni. Kwetu watu wengi wametoa hita, na ni sawa, nani anataka hita Tanga? Lakini matundu mawili ya kava yameachwa wazi, na hewa ya kupozea inamwagika humo. Yazibe kwa vifuniko vya chuma vilivyofungwa kwa klipu. Tambara halitoshi.

Vizibo vya mpira kwenye bati la mbele, panapopita waya na paipu ya petroli. Mbali na hewa, vinazuia paipu isisagwe na ukingo wa bati.

## Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kusifu

Subiri usiku. Weka taa kali ndani ya chumba cha injini, injini ikiwa imezimwa na ya baridi, funga kifuniko, kisha lala chini ya gari na utazame juu kwenye ukingo. Popote penye mwanga, hewa nayo inapita. Mara ya kwanza nilipofanya hivi niliona mstari wa mwanga mrefu kama wa chini ya mlango, upande wa kulia wote, mahali nilipoapa kwamba nimefunga vizuri.

Asubuhi yake endesha kilomita 20, uegeshe juu ya boksi safi, uache hadi kesho. Tone moja kwenye puli ni la kawaida kwa injini hizi. Doa la ukubwa wa sahani chini ya giaboksi si la kawaida. Rudia baada ya kilomita 500, kisha kaza upya klipu na kava za valvu tu. Nati za kipoza usizirudie kama ni kavu.

Mwisho, chukua kalamu ya rangi isiyofutika, andika vipimo vyako chini ya kiti cha nyuma karibu na namba ya chesisi. Yangu inasomeka hivi: *Bodi 118, mpira wa hewa Beetle 68. Kesi AD. Kipoza cha wima, sili mbili za ngazi, pana chini. Flaiwili ya oringi. Shimu ya tatu 0.34.*